Kobe Aliyenyamaza Saa Nne

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi kasema niandike. "Kichwa chako kina matundu, mwanangu. Andika kila siku, hata mstari mmoja, usije ukasahau ulichofanya." Basi naandika. Daftari nimelitoa kabatini, lilikuwa halina mwenyewe.

Tumeanza leo. Kitabu cha biolojia, sura ishirini na mbili, kisomwe chote kwa sauti, kirekodiwe, na kiwafikie wanafunzi wasioona muhula ukifunguliwa katikati ya Juni. Mimi ndiye fundi sauti. Ofisi yetu ina vyumba vitatu na nusu, hiyo nusu ikiwa ni choo. Msomaji ni Shangazi mwenyewe, dada wa baba yangu, aliyefundisha biolojia miaka thelathini na moja. Mimi mwenyewe alinifundisha, na darasani hakuwahi kunitambua kama ndugu yake.

Tunakimbizana na kalenda. Daktari kamwona kivimbe kwenye nyuzi za sauti, na tarehe 22 Aprili atapasuliwa. Anaweza kutoka na sauti yake hii hii, anaweza kutoka na ya kukwaruza, anaweza asitoke nayo kabisa. Daktari aliyataja haya matatu kama mtu anayetaja vinywaji. Nilitoka pale nimekasirika, Shangazi akacheka. "Kwani amesema uongo?"

Sura ya kwanza imeingia leo mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi. Mambo safi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemsajili Kobe kazini. Kobe ni diski ya nje, nyeusi, ngumu, ndogo kuliko kiganja changu, inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya mrefu. Nimempa jina hilo kwa sababu ya gamba lake na mwendo wake. Nimeipangia kompyuta ifanye kazi yenyewe: kila siku saa nne asubuhi, wakati hatuna rekodi, ichukue kila kilichoongezeka na kukinakili kwa Kobe. Mimi najijua, kazi ya kukumbuka kila siku ningeisahau siku ya tatu.

Kobe akifanya kazi ananguruma kidogo, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Hata akiwa amechomekwa tu husikika, na maiki yetu haina adabu, inanasa kila kitu. Kwa hiyo tukirekodi namchomoa, tukimaliza namchomeka. Taa yake ya buluu inawaka, roho kwatu.

Jumatano, 6 Machi

Sura ya pili. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Kasoro amekuja kuchukua sura za kwanza. Jina hilo tumempa sisi na analijua. Ni mzee asiyeona tangu utotoni, alikuwa mwendesha simu, miaka ishirini na saba amekaa kwenye ubao wa simu akiunganisha watu. Sasa kazi yake ni kutusikilizia. Anachukua sura kwenye memori kadi, anasikiliza nyumbani mara mbili, kabla ya kusahihishwa na baada, kisha anakuja kuniandikisha makosa kwenye daftari la kasoro. Ninasema kuniandikisha kwa maana yake hasa: yeye anakaa, anakunja nne, mimi nashika kalamu.

"Dakika ya tatu, kiti kimelia. Dakika ya saba, msomaji amegeuza ukurasa kwa hasira."

"Ukurasa unageuzwaje kwa hasira, mzee?"

"Kama alivyougeuza yeye."

Leo nimemtilisha dole gumba kwenye karatasi ya masharti: akimaliza kusikiliza, afute. Kitabu hakina ruhusa ya kuzagaa mitaani. Mkurugenzi ndiye aliyetaka, ila karatasi niliiandika mimi na nikamsomea kwa sauti ya kipolisi. Alitia dole bila neno. Nilifurahi kumwona kwa mara moja ananyamaza.

Jumatano, 13 Machi

Aibu. Juzi, katikati ya sura ya nne, Shangazi anaeleza moyo unavyosukuma damu, kompyuta ililia "ting!", nami sikuisikia. Ujumbe wa kusema kunakili kwa asubuhi kulikamilika, eti ilitaka kunikumbusha. Leo Bwana Kasoro kanipigia simu toka nyumbani kwake. "Moyo wa mtu huyu una kengele?"

Nimezima sauti zote za kompyuta. Nimezima na ujumbe wenyewe usitokee tena, wa kufaulu na wa kushindwa. Chumba sasa ni kimya.

Jumatatu, 18 Machi

Mawingu mazito tangu asubuhi. Feni la kompyuta linaingia kwenye rekodi, kwa hiyo nimelihamishia sanduku lake ndani ya kabati la ukutani na kuzungushia vipande vya godoro pande zote, nikaacha upenyo mdogo wa hewa nyuma. Shangazi ameniuliza kama ninaitengenezea kitanda. Sura ya sita imekwisha. Sauti yake safi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Imeanza saa nane na dakika kumi, Shangazi akiwa kwenye sentensi ya pili ya sura ya saba. Juu yetu ni mabati. Nilimwona mdomo unakwenda, kwenye hedifoni nasikia mabati tu. Tulikaa tukatazamana kupitia kioo mpaka saa kumi na moja, kisha tukaenda nyumbani. Siku nzima imepotea, na siku zenyewe ni za kuhesabu.

Jumatano, 20 Machi

Wenyeji wote wa mtaa huu wanasema mvua ikianza hivi itakuja kila mchana hadi Mei. Basi tumegeuza ratiba: tunarekodi saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Leo tumefunga sura ya saba bila tone moja la mvua, na mchana imenyesha kwa raha zake sisi tukinywa chai. Najisikia mjanja. Kobe nimemchomoa saa mbili, nimemrudisha saa sita. Taa ya buluu, roho kwatu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua mchana. Sura ya nane nusu.

Jumatano, 27 Machi

Bwana Kasoro kafika mapema, saa nne, akasubiri kwenye benchi la nje mpaka tulipopumzika. Ana makosa kumi na moja ya sura ya nane. Kumi na moja! Moja ni eti Shangazi amevuta pumzi "kwa upande mmoja wa pua".

Alipokuwa anaondoka kauliza, "Kobe wako siku hizi halali hapa?"

"Yupo, mzee. Yupo kazini."

"Zamani nikikaa hapa saa nne namsikia anakoroma."

"Labda na yeye kaacha kukoroma."

Nimecheka. Yeye hakucheka, akachukua fimbo yake akaenda. Mzee huyu akikosa kosa kwenye rekodi anatafuta kwenye samani.

Jumanne, 2 Aprili

Sura ya kumi na mbili, wanyama wanaoruka. Shangazi alikuwa anasoma kuhusu popo anavyolala kichwa chini, ghafla akashikwa na kicheko. Alikumbuka mwanafunzi aliyejibu kwenye mtihani kwamba popo hulala hivyo ili ndoto zisimtoke. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ukurasa. Nilipaswa kukikata kicheko hicho. Nimekiacha mwishoni mwa faili, baada ya sentensi ya mwisho, pasipomdhuru mtu.

Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Nimegombana na Bwana Kasoro. Sura ya kumi na saba, dakika ya ishirini: "Msomaji amemeza mate."

"Kila mtu anameza mate, mzee! Unataka asome akiwa mkavu?"

"Sikusema arudie. Nimesema andika."

"Niandike ili iweje?"

Kisha akasema taratibu, "Amemeza kwa maumivu. Toka sura ya kumi na tano. Muulize kama anapumzika vya kutosha."

Nilimuuliza Shangazi, akakana, kisha akakubali. Sasa tunasoma dakika ishirini, tunapumzika kumi. Ninakaa naye meza moja kila siku, ninamsikia masikioni mwangu kwa hedifoni ghali, na sikusikia.

Jumatano, 17 Aprili

Sura ya ishirini na moja imesahihishwa. Bwana Kasoro kaichukua pamoja na zingine za wiki hii. Anakwenda kwa binti yake aliyejifungua, atarudi Jumatatu ya tarehe 29. Imebaki sura moja.

Ijumaa, 19 Aprili

Tumemaliza! Sura ya ishirini na mbili, urithi, jinsi mzazi anavyompa mtoto macho na nywele na vidole. Shangazi ameisoma kwa sauti iliyochoka lakini haikuyumba. Aliposema neno la mwisho hakuinuka. Alikaa na mikono juu ya kitabu. "Basi," alisema. "Hata isiporudi, ipo humo." Akanyoosha kidole kwenye kioo, upande wangu, kwenye kabati la kompyuta.

"Ipo, Shangazi. Na kwa Kobe pia ipo."

Nimemchomeka Kobe. Taa ya buluu. Nimefunga ofisi na moyo mweupe.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua jana yote na leo yote, haikungoja mchana.

Jumatatu, 22 Aprili

Hospitali tangu alfajiri. Wamemtoa salama! Daktari anasema kivimbe kimetoka chote, na kwa macho yake hakina ubaya, ila watakipima kuwa na uhakika. Wiki sita asitoe sauti, hata ya kunong'ona. Kuhusu sauti yenyewe, tutajua siku akiifungua. Shangazi kafumbua macho, kanitazama, akafanya ishara ya kuandika. Nimempa daftari la mraba na kalamu. Ameandika: "Njaa."

Nimelia kwa furaha kwenye korido.

Jumanne, 23 Aprili

Niandike kwa mpangilio.

Nimefungua ofisi saa moja na nusu. Nimekagua sakafu ya chumba cha mitambo, kavu. Nikashusha pumzi, nikasema mvua ya siku mbili imetupita. Nikawasha kompyuta. Haikuwaka. Nikafungua kabati.

Dari la kabati limevuja. Maji yameshuka polepole, siku nzima ya Jumamosi na ya Jumapili, na hayakufika sakafuni kwa sababu yalikuwa yananyweka. Godoro langu liliyanywa yote. Lilikuwa limevimba na kulikumbatia sanduku la kompyuta pande nne, na nilipoligusa maji yalinimiminikia hadi viatuni. Mimi ndiye niliyelitandikia.

Lakini sikuogopa. Hili nataka liandikwe. Nilisikitika kuhusu kompyuta kama mtu anavyosikitikia kiti kilichovunjika, basi. Kobe alikuwa juu ya meza, mkavu, mzima. Nikamchukua nikaenda naye ofisi ya Mkurugenzi, nikamchomeka kwenye kompyuta yake. Akaanza kukoroma. Nilitabasamu.

Sura ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita.

Nikateremsha chini zaidi. Hakuna chini zaidi. Nakala ya mwisho, saa nne asubuhi, tarehe 19 Machi.

Nilikaa pale nikahesabu kwa vidole kama mtoto. Tarehe 20 ndiyo tuliyohamishia rekodi asubuhi. Kila siku saa nne kompyuta ilimtafuta Kobe ili imkabidhi kazi, na kila siku saa nne Kobe alikuwa mezani, waya umening'inia, kwa sababu mimi nilimchomoa asije akanguruma kwenye maiki. Ikimkosa, inangoja kesho. Kesho nayo hivyo hivyo. Mwezi mzima, maana wikendi na sikukuu kompyuta huwa imezimwa. Ilikuwa inanipa taarifa kila mara kwamba imeshindwa, na mimi nilikuwa nimeiziba mdomo tangu siku ya "ting". Na ile taa ya buluu niliyokuwa naitazama kila mchana, kazi yake ni kusema umeme upo tu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sauti ya Shangazi, sura kumi na sita. Alizisoma huku anameza kwa maumivu, na hawezi kuzirudia, na huenda hatazirudia maisha yake yote.

Bwana Kasoro aliniuliza. Aliniuliza kabisa, kwa Kiswahili, nikamcheka.

Nilifikiri kumpigia simu. Kisha nikaikumbuka karatasi ya masharti. Anafuta. Mimi ndiye niliyemtilisha dole gumba ili afute.

Jumatano, 24 Aprili

Fundi wa kompyuta kaifungua, kaitazama, kaifunga. "Dada, diski ya humu imeungua. Ilipata umeme ikiwa imelowa." Ni mimi niliyebonyeza kitufe ile asubuhi. Nimemuuliza kama kuna njia yoyote. Amekuna kichwa, akasema atajaribu, nisikae roho juu. Naijua sauti ya mtu anayekupoza.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemwambia Mkurugenzi. Hakufoka, bora angefoka. Alisema atatafuta msomaji mwingine aanze upya sura ya saba, wanafunzi hawawezi kungoja. Ana haki. Nikauliza, "Na Shangazi aambiwe nini?" Akasema hilo ananiachia mimi.

Ijumaa, 26 Aprili

Nilikuwa nimepanga nisimwambie hadi apone. Nikafika nyumbani kwake na tabasamu la kununua. Yuko kitandani, shingo ina bandeji, daftari la mraba mapajani. Kaandika: "Nimechoka na ukimya. Niletee sauti yangu niisikie."

Nikamwekea sura ya kwanza kutoka kwa Kobe. Alifumba macho akasikiliza, midomo ikimfuata mwenyewe. Kisha akaandika: "Sasa ya popo. Nataka nilivyocheka."

Nikapiga moyo konde, nikamwambia. Kila kitu, hata godoro. Hata kwamba niliulizwa nikacheka.

Akaandika: "Ngapi?"

"Kumi na sita."

Aligeukia ukutani. Sijui alikaa hivyo muda gani, mimi nilikuwa natazama kisigino cha soksi yake. Aliporudi kuniangalia macho yalikuwa mekundu. Akachukua kalamu, akaandika neno moja, akanigeuzia daftari.

"Umekula?"

Nikatikisa kichwa. Sijala tangu Jumanne, nilikuwa hata sijatambua. Akanyoosha kidole jikoni, kile kidole cha darasani kisichobishiwa. Nilikula nimesimama, machozi yakiingia kwenye sahani. Niliporudi kulikuwa na maandishi mengine: "Nikipona nitasoma tena. Nisipopona utasoma wewe. Na utatamka kloroplasti vizuri, si kama ulivyonitia aibu kidato cha pili."

Nimerudi nyumbani mwepesi kidogo na mwenye aibu zaidi. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua. Nimejifunza kutamka kloroplasti.

Jumatatu, 29 Aprili

Bwana Kasoro amerudi.

Alisimama mlangoni, akainua kichwa. "Mashine imekufa."

"Nani kakwambia?"

"Feni halisemi."

Nikamketisha, nikamsimulia. Nilitaka aseme alinionya, anitukane, tumalize. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kitu kimoja tu.

"Saa nne."

"Ndiyo, mzee. Saa nne."

"Nilikuuliza Kobe yuko wapi, ukaniambia yuko kazini."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Na mimi nina la kuungama, na dole gumba nilitia mbele yako." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa soksi. Soksi ya sufu ya kijivu, imefungwa fundo. Akaifungua kwa vidole vyake vilivyozoea nyaya, na ndani yake mlikuwa na diski ya nje, nyeusi, pacha wa Kobe. "Sikufuta hata moja," alisema.

Sikuelewa. Au nilielewa nikaogopa kuelewa.

"Miaka ishirini na saba kwenye ubao wa simu, binti. Kitu kinachozoea kulia kikinyamaza, mimi silali. Nilikaa pale kwenye benchi saa nne, Kobe kimya. Wiki iliyofuata, kimya. Nikasema, huyu anaijua kazi yake, pengine kabadili saa. Lakini nikatafuta diski ya kwangu. Kila ulichonipa nikakihifadhi humu, kabla ya masahihisho na baada. Nikawa mwizi wa biolojia uzeeni."

"Kwa nini hukuniuliza tena?"

"Mimi nakuletea kasoro kila wiki. Hii moja nikaona nikubebee mwenyewe."

Nilichomeka kwenye kompyuta ya Mkurugenzi. Sura ya saba. Ya nane. Ya tisa. Niliendelea kuhesabu kwa sauti mpaka ishirini na moja, Mkurugenzi amesimama nyuma yangu na kikombe kilichopoa. Kisha nikafungua ya kumi na mbili, nikakimbiza mwisho kabisa, na chumba kikajaa kicheko cha Shangazi.

Hapo ndipo nilipoangua kilio. Nilimkumbatia yule mzee, fimbo yake na yote. Alinipapasa mgongo akasema, "Usiilowanishe diski. Tumelowana vya kutosha."

Karatasi ya masharti nimeichana mwenyewe. Mkurugenzi aliona, akajitia kutazama dirishani.

Inakosekana sura moja tu, ya ishirini na mbili, iliyosomwa siku mzee akiwa safarini. Usiku huu, kwa mara ya kwanza wiki nzima, nina usingizi.

Jumanne, 30 Aprili

Nakala tatu: Kobe, pacha wake na kompyuta mpya. Pacha atalala kwa Bwana Kasoro, ndani ya soksi yake, mbali na dari letu. Saa ya kunakili nimeipeleka saa tisa mchana, na sauti nimezirudisha. Ikilia "ting" tutarudia sentensi.

Nimempelekea Shangazi popo. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, huku sauti yake ikicheka kwenye spika.

Alhamisi, 9 Mei

Majibu ya kipimo yametoka. Safi! Nimeandika kwa herufi ndogo lakini nimeruka jikoni.

Jumatano, 15 Mei

Mkurugenzi anataka msomaji mwingine asome sura ya mwisho, kijana mwenye sauti laini wa matangazo. "Ili tusihatarishe." Nimempelekea Shangazi ujumbe. Kaandika: "Mwambie urithi hausomwi na jirani." Mkurugenzi kasoma karatasi, akakunja, akaweka mfukoni. Amekubali tungoje.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua zinapungua. Leo tone moja.

Jumatatu, 3 Juni

Wiki sita zimetimia. Daktari akasema, "Haya mama, sema chochote." Shangazi alinitazama kwa muda. Midomo ikafunguka, ikafunga. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda cha hospitali mpaka vidole vikafa ganzi.

"Kloroplasti," alisema.

Ni sauti nyingine. Ni ya chini, ina mchanga ndani yake, na kwenye silabi ya tatu ilikatika kidogo ikaungana tena. Lakini ni sauti! Ametoka nayo! Daktari hakuelewa kwa nini tunacheka hivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Sura ya ishirini na mbili, kwa mara ya pili. Dakika kumi tunasoma, dakika ishirini tunapumzika. Tumetumia siku nzima. Dakika ya tisa alikohoa, nikamwashiria arudie, akakataa kwa mkono na kuendelea. Alipomaliza akasema, "Imekuwa mbaya?" Nikamwambia ukweli, kwamba haifanani na zile ishirini na moja, na mwanafunzi atashtuka, kama vile mtu mwingine ameingia darasani. Akatikisa kichwa. "Ngojea mwenye masikio."

Ijumaa, 7 Juni

Bwana Kasoro hakutaka kuichukua nyumbani. Alisema ataisikiliza hapa hapa, sote tukiwepo. Shangazi alikaa kwenye benchi, mikono magotini, kama mwanafunzi anayengoja karatasi yake irudishwe. Mzee alivaa hedifoni, akakunja nne. Sura nzima, dakika arobaini na nne, hakusogea. Ilipoisha alivua hedifoni, akaiweka mezani, akapapasa ukingo wa meza kwa vidole ili isianguke.

"Chukua kalamu," aliniambia.

Nilifungua daftari la kasoro. "Nipo."

"Sura ya ishirini na mbili. Kasoro…"

Nikamtazama Shangazi, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Andika: hakuna."

Shangazi aliinua uso. "Hata kile kikohozi?" alimuuliza, kwa ile sauti yake mpya.

"Kikohozi nimekisikia."

"Na pale nilipokatika, kwenye vidole?"

"Nako nimesikia, mwalimu. Nimesema andika hakuna."

Niliandika. Kurasa thelathini na mbili za daftari lile, na ndiyo mara ya kwanza neno hilo kuingia. Mkono wangu ulikwenda polepole kama wa mtoto anayejifunza herufi.

Ilikuwa saa tisa. Kobe alikuwa amechomekwa, na hakuna aliyetaka kumchomoa. Akaanza kukoroma, taratibu, akiichukua sura ya mwisho. Bwana Kasoro alielekeza sikio upande wa meza. Shangazi akanyamaza, mimi nikanyamaza, hakuna aliyesogeza kiti, mpaka ikalia "ting".